Nimeanza kuruka dawa, na ndugu yangu aliyenipa figo hajui

Mama Mshauri,

Assalaam alaikum. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Leo watu wa nyumba wote wako harusini, nataka niimalize kabla hawajarudi.

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, nakaa Lamu, mtaa wa Langoni. Nina binti mmoja wa miaka 11. Nilipomzaa presha ilipanda na haikushuka tena, na kufikia alipoanza shule mafigo yangu yalikuwa yamekwisha kazi. Nilisafishwa damu zaidi ya miaka miwili. Aliyeugua hivyo akiwa mtu wa kisiwani anajua ni maisha gani: mashua hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, kulala kwa jamaa, kurudi, na hata nguo hujaanua siku ya kwenda tena imefika. Kisha ndugu yangu wa mwisho, ambaye ni mvuvi, akaenda kupimwa bila kuniambia, na akapatana nami. Hakungoja nimwombe. Aliingia jikoni akasema, "Dada, mimi ninayo mawili," akatoka akaenda zake baharini. Ni miaka mitatu sasa.

Nanywa dawa za kuzuia mwili usilikatae figo: takrolimasi na mikofenoleti asubuhi na jioni, na prednisoloni ya miligramu 5 kila asubuhi. Figo halijanisumbua hata siku moja, alhamdulillahi.

Mwaka huu, siku chache kabla ya Maulidi, niliinama kuinua ndoo ya maji chini ya ngazi. Nikasikia kitu mgongoni kama kijiti kikavu kinachovunjika ndani ya nguo. Nikakaa palepale. Bibi mmoja wa mtaani akanikanda kwa mafuta siku tatu, na kila akinikanda maumivu yakazidi. Picha niliyopigwa Malindi ikaonyesha pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea na nyingine imeanza. Daktari wangu wa Mombasa akanipima ujazo wa mifupa, akasema mifupa yangu ni ya mtu aliyenizidi umri kwa mbali, na mshukiwa wa kwanza ni prednisoloni. Akaniandikia kalsiamu, vitamini D, na kidonge cha mara moja kwa juma, alendroneti. Hicho sijakianza. Nilisoma karatasi yake nikaogopa.

Lakini picha haikuniliza. Kilichoniliza ni buibui. Lile nililoshonewa kabla ya operesheni, lililokuwa likinifika kwenye vifundo vya miguu, sasa lafagia chini.

Tangu siku hiyo nikishika kidonge cha prednisoloni naona kama nameza mchwa. Mamangu asema dawa za hospitali zimenila mifupa, na ameniletea unga wa mizizi niutie kwenye uji. Nao sijauanza, lakini sijautupa. Miezi miwili iliyopita nikaanza kuruka prednisoloni: leo nanywa, kesho naacha. Hakuna anayejua. Vidonge nisivyovinywa naviweka kwenye kikopo cha hiliki. Jana nilivihesabu, ni 29.

Mwezi ujao nina kliniki na vipimo vya damu, na ndugu yangu amesema atanisindikiza. Kila tukionana huniuliza kwa mzaha, "Langu li hali gani?" Nami humjibu, "Lakusalimu." Siku hizi nikimjibu natazama kando. Na mume wangu naye ameanza kusema tujaribu mtoto wa pili.

Nikiendelea na dawa, mifupa yaisha. Nikiacha, nalipoteza figo la ndugu yangu. Nirudie dawa kimya kimya kana kwamba hakuna kilichotokea? Nimwambie? Nikimwambia, atanitazamaje?

Mwenye kikopo,
Lamu

*

Waalaikum salaam, dadangu.

Nimekaa na barua yako siku mbili, nikaogopa nayo. Naomba kwanza nikuambie nilivyoielewa, unisahihishe moyoni mwako nikikosea. Una mgongo unaouma na kimo kinachopungua. Una figo ulilopewa kwa mapenzi. Dawa inayolilinda figo imekudhuru mifupa, nawe kwa kukosa wa kumwuliza umejigawia mwenyewe: siku ya figo, siku ya mfupa. Na juu ya hayo umebeba siri, ambayo naona ni nzito kuliko ile ndoo.

Hofu yako ina msingi, na asikwambie mtu kwamba ni mawazo yako tu. Mwaka 1932 daktari mpasuaji wa Marekani, Harvey Cushing, alieleza wagonjwa ambao miili yao ilikuwa ikitoa homoni za jamii ya prednisoloni kupita kiasi, na mojawapo ya mambo aliyoyaona kwao ni mifupa iliyodhoofika. Hapo ilikuwa bado miaka 16 kabla steroidi, yaani dawa za jamii hiyo, hazijaanza kutumiwa kutibu baridi yabisi. Basi jambo hili linajulikana siku nyingi, na linastahili kuelezwa kwa utulivu tangu siku mgonjwa anapoandikiwa kidonge cha kwanza. Kama hukuelezwa, hilo si kosa lako.

Lakini ile picha ya mchwa nataka tuitazame tena, maana naona ndiyo iliyokufikisha kwenye kikopo.

Umekulia Lamu, umeona nyumba ya mawe ikitengenezwa. Fundi mmoja hukwangua chokaa iliyolegea mpaka akafikia jiwe zima. Nyuma yake huja mwingine na karai, akajaza pale alipokwangua mwenzake. Mfupa nao una mafundi wa namna hiyo, seli zinazobomoa na seli zinazojenga, na kwa mtu mzima kiasi cha sehemu moja katika kumi ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka. Baadhi ya seli za ujenzi, zikimaliza kazi, hubaki zimezikwa ndani ya mfupa kama walinzi: zinahisi uzito, zinahisi ufa, na kuita mafundi waje.

Prednisoloni haili mfupa kama mchwa. Inawapunguza wajenzi. Kwenye uboho kuna seli mama zinazoweza kuwa wajenzi wa mfupa au kuwa mafuta, na dawa hii huzisukuma upande wa mafuta. Wajenzi waliopo hufa kabla ya wakati wao, na walinzi waliozikwa nao hufa. Mwanzoni kabisa, wabomoaji huongezewa maisha. Kwa hiyo ukuta unaendelea kukwanguliwa na mwenye karai hatokei. Pingili za mgongo huumia kwanza kwa sababu ndani yake ni kama sifongo, na kazi ya kubomoa na kujenga huko ni nyingi kuliko kwenye mfupa mgumu wa mguu.

Sasa sikiliza hili, maana sidhani limo katika hesabu yako. Mfupa hupotea kwa kasi zaidi katika miezi ya kwanza ya dawa, na miezi ile ya baada ya operesheni ndiyo dozi huwa kubwa, mara nyingi sana ya hizo miligramu 5 unazokunywa leo. Hiyo 5 si salama kabisa kwa mfupa, sikufichi. Lakini kidonge unachokiweka kikopuni asubuhi hii huenda si hicho kilichokuvunja. Sehemu kubwa ya hasara yaweza kuwa ilipatikana mwaka ule wa kwanza, ulipokuwa unafurahia kwamba hurudi tena kwenye mashine.

Na kabla ya operesheni? Ulisafishwa damu zaidi ya miaka miwili. Figo likishindwa, mifupa huumia hata bila prednisoloni, kwa sababu figo ndilo linalomalizia kuiamsha vitamini D mwilini, na bila hiyo kalsiamu ya chakula haiingii sawasawa. Tezi ndogo za shingoni huona kalsiamu imepungua damuni zikaanza kuikopa kutoka kwenye mifupa. Wengi hufika mezani kwa daktari mpasuaji mifupa yao tayari imechoka. Kwa hiyo pale unapogawa siku ya figo na siku ya mfupa, mimi naona figo la ndugu yako liko upande wa mifupa yako. Likidhoofika, mifupa haitapona. Itarudi kwenye ile hali ya zamani, na wewe utarudi kwenye mashua ya Mokowe.

Swali lingine la kukuuliza kwa upole: ukiiondoa prednisoloni, una hakika gani kwamba zilizobaki hazihusiki? Takrolimasi hufanya kazi kwa kuzuia kimeng'enya kinachoziamsha chembe za kinga, na kimeng'enya hichohicho seli za ujenzi wa mfupa hukihitaji zikikua. Panya waliopewa dawa za jamii hiyo walipoteza mifupa. Kwa binadamu ni vigumu kutenganisha, kwa sababu karibu kila anayezinywa amepata kunywa na steroidi. Mikofenoleti haijaonekana kuwa na lawama kubwa kwa mifupa. Nakwambia haya ili uone kwamba mtu hawezi kuondoa tofali moja akiwa jikoni peke yake bila kujua lipi limebeba nini.

Kuhusu kule kuruka, yapo mawili yanayonitia wasiwasi. La kwanza, mwili ukianza kulikataa figo mara nyingi hauumi. Unaweza kupika, kucheka, kwenda harusini, na kreatinini, ile taka ya damuni inayoonyesha figo linavyosafisha, inapanda. La pili hulijui pengine: juu ya mafigo kuna tezi zinazotengeneza homoni hii kiasili, na miligramu 5 ni karibu na kile zinachotoa kwa siku. Baada ya miaka mitatu ya kuletewa kutoka nje, tezi hizo huenda zimelala. Ukipata homa kali, au ukifanyiwa upasuaji, na dawa haimo mwilini, zaweza kushindwa kuamka kwa wakati, presha ikaanguka na maisha yako yakaingia hatarini. Ndiyo maana nakuomba usingoje mwezi ujao. Piga simu kliniki juma hili, useme ukweli wa miezi hii miwili, nao wakwambie urudie vipi. Usiongeze, usipunguze zaidi, mpaka mmezungumza.

Sasa njia zako.

Unauliza kama waweza kurudia dawa kimya kimya. Waweza. Utaiepuka fedheha, na pengine vipimo vitakuwa vizuri. Lakini fikiria vikija vibaya. Daktari atasoma karatasi akiamini umekunywa kila siku. Ataweza kukupandishia takrolimasi isiyohitajika, au kukuambia ulazwe wachukue kinyofu cha figo kwa sindano wakitazame kwa hadubini, na yote hayo atayajenga juu ya habari isiyo ya kweli. Siri hii ina gharama kwa daktari kuliko hata kwa ndugu yako.

Waweza kumwambia daktari peke yake, ukamwuliza lile ulilotaka kulifanya mwenyewe: je, prednisoloni yangu yaweza kupunguzwa? Swali hilo si la aibu. Wako waliopandikizwa figo wanaoishi bila steroidi, walioachishwa kwa mpango na kwa vipimo vya karibu. Mifupa yao hunufaika, lakini hatari ya mwili kulikataa figo huongezeka, na kwa baadhi ya watu huongezeka sana. Atatazama mlivyofanana wewe na ndugu yako, historia yako, na kingamwili zilizomo damuni. Huenda akasema ndiyo, huenda akasema hata kidogo. Mwulize pia kuhusu alendroneti. Dawa hiyo huwazuia wabomoaji ili wajenzi wachache waliobaki wapate nafasi. Hunywewa asubuhi tumboni bila kitu, waweza kuinywa ukimaliza kuswali alfajiri, kwa gilasi nzima ya maji matupu, kisha usilale wala usinywe chai kwa nusu saa, maana hukwaruza umio. Yale ya mfupa wa taya kufa, ambayo pengine uliyasoma kwenye karatasi, yapo, ni nadra, na ni sababu ya kuonyesha meno kabla ya kuanza. Figo likiwa limedhoofika sana haitumiwi. Na kwa aliyewahi kusafishwa damu, madaktari wengine hupenda kupima homoni ya zile tezi za shingoni kwanza, kwa sababu upo mfupa ambao mafundi wote wamelala, na huo haufaidiki kuzuiwa zaidi. Hofu yako ina maswali mazuri ndani yake. Yaandike uende nayo.

Mume wako hajui, nadhani, kwamba mikofenoleti huharibu mimba na huleta kasoro kwa mtoto. Hubadilishwa kwanza kwa dawa nyingine, na hupita angalau majuma 6 kabla ya kujaribu. Alendroneti nayo hukaa mfupani miaka. Na mgongo wenye pingili mbili zilizobonyea kubeba mimba ni jambo la kuzungumzwa na daktari mkiwa wawili. Simkatalii mtoto wake. Naomba tu aingie chumbani kwa daktari asikie mwenyewe, asije akawa anakuomba kitu ambacho wewe peke yako ndiwe unayejua bei yake.

Unga wa mama usiutupe mbele yake. Mwambie ukweli: takrolimasi husafishwa na ini, na mizizi ambayo hatujui imefanywa nini yaweza kupandisha dawa damuni ikaliunguza figo, au kuishusha likakataliwa. Hata balungi, tunda la halali la Mungu, umekatazwa kwa sababu hiyohiyo. Mpe kazi nyingine. Mama anataka kukutia kitu mdomoni kikujenge, basi akutilie maziwa, mtindi, simsim, na dagaa wanaoliwa na miba yao. Kwa vitamini D, tegemea kidonge na kipimo kuliko kuota jua muda mrefu, kwa sababu dawa zako huongeza hatari ya saratani ya ngozi. Na yule bibi wa mafuta, mshukuru, lakini mgongo uliovunjika haukandwi. Ukisikia miguu inakufa ganzi au kulegea, au mkojo ukikutoka bila kujua, hiyo ni hospitali siku ileile. Maumivu mapya ya kinena au nyonga nayo yataje kliniki, maana steroidi zaweza kuua mfupa wa nyonga mahali pake.

Nimemweka ndugu yako mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyekuandikisha barua.

Hapa sina la kukuamulia. Wapo watakaokwambia kilichotolewa kimetolewa, figo ni lako, hulazimiki kumpa hesabu. Wana haki. Hukuweka sahihi ya kumripotia kila kidonge. Na iko hatari ya kweli: huenda akakasirika, huenda akakuuliza neno litakalokuuma miaka. Lakini nalitazama lile swali lake la mzaha, na nashindwa kuamini kwamba anauliza habari za figo tu. Mtu aliyeingia jikoni akasema "mimi ninayo mawili" akatoka kabla hujalia, huenda hana njia nyingine ya kukuuliza wewe mwenyewe u hali gani. Je, anajua kuhusu mgongo? Hukuniandikia. Pengine ndugu yako anaona unatazama kando, na hajui hata kwamba umevunjika.

Ukiamua kumwambia, si lazima uanzie kwenye vidonge 29. Waweza kuanza na buibui. Mwonyeshe pindo, mwambie nimepungua kimo, nikaogopa, nikafanya jambo bila kuuliza. Na ukiona ni vyema, mwambie baada ya kuzungumza na kliniki, ili umpe na habari ya kinachofanywa. Ukiamua kutomwambia kwa sasa, safiri na mwingine mwezi ujao, kusudi mazungumzo na daktari yawe huru, wala usijihesabu msaliti kwa kutafuta chumba cha kusemea.

Kikopo chukua na wewe, na vidonge vyake vyote. Mwekee daktari mezani. Kitasema kwa usahihi zaidi kuliko maneno ni siku ngapi.

Na lile buibui, lipunguze pindo kabla ya safari, hata kama kuona mkasi ukilikata kutakuliza tena. Ngazi za gati huteleza maji yakitoka, na wewe sasa huwezi kumudu kuanguka. Ushuke taratibu, umshike mtu mkono.

Niandikie ukirudi.